Mfalme Anaweza Kusali na Papa, Lakini Hawezi Kuwa Mkatoliki

Hotuba kwa Waswahili waishio Uingereza

Wazee wetu, kina mama, ndugu zangu na vijana: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Tarehe 23 Oktoba 2025 Mfalme Charles wa Tatu alikaa ndani ya Kanisa la Sistina kule Vatikani akasali pamoja na Papa Leo wa Kumi na Nne. Tangu Henry wa Nane alipoachana na Roma katika miaka ya 1530, halijapata kutokea jambo hilo, mfalme wa Uingereza na Papa kusali pamoja hadharani. Picha zilizunguka dunia nzima na wengi wetu tulifurahi. Lakini siku hiyohiyo sheria za nchi hii zilikuwa zikisema, na hadi leo zinasema, kwamba mfalme yule akijiunga na Kanisa la yule aliyesali naye, ufalme umemtoka. Sheria haisemi ataombwa ajiuzulu. Inasema raia wamefunguliwa kutoka katika utii wao kwake, na kiti kinakwenda kwa Mprotestanti anayefuata, kana kwamba yeye amekwisha kufa.

Mimi ni Mwanglikana. Nimebatizwa Muheza, katika Kanisa lililoletwa Magila na wamisionari wa UMCA, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, ambako tunafukiza ubani, tunapiga kengele, na ibada ya Jumapili tunaiita Misa. Kwa hiyo sizungumzi kama mtu aliyefungiwa mlango. Sheria hii inalipendelea Kanisa langu. Nazungumza kwa sababu upendeleo huo sikuuomba, na kwa sababu wengi tuliomo humu ukumbini tumekwisha kuapa kuitii sheria hiyo bila mtu kutueleza. Nitalifikia hilo la kiapo.

Kwanza tuitendee haki historia, maana ukiisoma sheria hii bila kujua ilikotoka utadhani iliandikwa na watu wenye chuki tupu. Mwaka 1685 Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa alifuta amri iliyokuwa ikiwalinda Waprotestanti wa nchi yake. Makumi ya maelfu walikimbia, wengi wakaishia hapa London na Canterbury, na kila aliyefika alikuwa na habari za nyumba zilizovamiwa na watoto waliochukuliwa. Mwaka huohuo James wa Pili, Mkatoliki, alirithi kiti cha enzi cha Uingereza. Watu walimvumilia kwa sababu alikuwa mtu mzima na mabinti zake wawili, Mary na Anne, walikuwa Waprotestanti. Wakasema tungoje, yatapita. Kisha Juni 1688 mke wake, Mkatoliki, akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto wa kiume anawapita dada zake, atalelewa Kikatoliki, na baada yake wajukuu watalelewa hivyohivyo. Subira ikaisha. William wa Orange, mume wa Mary, akaalikwa kutoka Uholanzi, akatia nanga na jeshi lake Torbay tarehe 5 Novemba, na kabla mwaka haujaisha James alikuwa amekimbilia Ufaransa.

Bunge likaandika Sheria ya Haki ya 1689, ambayo wanafunzi wa historia wanaisifu kwa kumnyima mfalme nguvu ya kutoza kodi bila Bunge. Inastahili sifa hizo. Ndani ya sheria hiyohiyo imeandikwa kwamba uzoefu umeonyesha kuwa utawala wa mfalme anayemfuata Papa haupatani na usalama wa ufalme huu wa Kiprotestanti. Uhuru wa Bunge na kufungiwa nje kwa Wakatoliki viliandikwa kwa kalamu moja, na nadhani hiyo ndiyo sababu Waingereza wamesita mno kuvitenganisha.

William na Mary hawakupata mtoto. Anne alishika mimba mara nyingi, watoto wakawa wanakufa, na mmoja aliyebaki, William, akafariki Julai 1700 akiwa na miaka 11. Ndipo ikatungwa Sheria ya Urithi wa Kiti cha Enzi ya 1701. Wabunge waliipitia orodha ya ukoo wakiwaruka Wakatoliki mmoja baada ya mwingine, zaidi ya watu 50, hadi wakamfikia bibi mmoja wa Kijerumani, Sophia wa Hanover, mjukuu wa James wa Kwanza. Sophia alifariki wiki chache kabla ya Anne, mwaka 1714, kwa hiyo aliyepanda meli kuja kutawala ni mwanawe George, mtu ambaye Kiingereza hakikuwa kikimpanda. Watu 50 wenye damu ya karibu zaidi waliachwa kwa ajili ya imani yao. Familia yote ya kifalme mnayoiona leo kwenye televisheni haki yao ya kutawala inatoka kwa Sophia.

Hofu ya 1701 ilikuwa na sababu. Sheria ilipita Juni. Septemba James akafa uhamishoni, na Louis akamtangaza mwana wa James kuwa ndiye mfalme halali wa Uingereza. Hii ilikuwa vita, na dini ndiyo iliyokuwa bendera yake. Nayasema haya ili mtu asije akaniambia sikuielewa hofu yao. Nimeielewa. Ninachouliza ni kwa nini sheria iliyotungwa kumkinga mtu na Louis wa Kumi na Nne bado inafanya kazi leo, wakati mfalme wa Ufaransa mwenyewe hayupo.

Tena ilifanya kazi kwa ukali kuliko watu wanavyokumbuka. Hadi mwaka 1910 kila mfalme au malkia mpya alilazimika kutamka hadharani kwamba Misa ya Wakatoliki ni ushirikina na ibada ya sanamu. Edward wa Saba alilitamka hilo mwaka 1901 mbele ya Bunge lenye wabunge Wakatoliki wa Ireland, akiwa mtawala wa mamilioni ya Wakatoliki kuanzia Quebec hadi Malta. Inasemekana alichukizwa. Bunge lilibadili maneno mwaka 1910, na tangu George wa Tano mfalme anatamka tu kwamba yeye ni Mprotestanti mwaminifu. Charles naye aliyatamka Mei 2023 siku ya kutawazwa.

Lililowagusa watu wa nyumba ya kifalme zaidi lilikuwa la ndoa. Sheria ya 1701 ilimzuia mrithi kuoa au kuolewa na Mkatoliki. Angalieni jinsi ilivyokaa: mrithi angeweza kuoa Muislamu, Mhindu, Myahudi, au mtu asiyeamini Mungu, na jina lake likabaki kwenye orodha ya warithi. Mkatoliki peke yake ndiye aliyelifuta. Prince Michael wa Kent alimwoa mwanamke Mkatoliki mwaka 1978, jina lake likaondolewa. Mwaka 2008 Peter Phillips, mjukuu mkubwa wa Malkia Elizabeth, alikuwa anamwoa Autumn Kelly, binti wa Kanada aliyebatizwa Mkatoliki. Bibi harusi alijiunga na Kanisa la Uingereza kabla ya siku ya ndoa, na bwana harusi akabaki kwenye nafasi yake ya kumi na moja. Siwezi kuujua moyo wa yule dada, na imani ya mtu ni yake. Ila najua kwamba sheria ya nchi ilikuwa imekaa mezani kati yao. Angekuwa amelelewa msikitini, hakuna aliyekuwa na la kumuuliza.

Hilo la ndoa limekwisha. Oktoba 2011 mawaziri wakuu wa nchi 16 zilizokuwa na Malkia mmoja walikutana Perth, Australia, wakakubaliana mambo mawili: mtoto wa kike asipitwe tena na mdogo wake wa kiume, na ndoa na Mkatoliki isimfute mtu. Sheria ikatungwa 2013, ikaanza kutumika tarehe 26 Machi 2015. Kwa ajili hiyo Charlotte, binti wa Prince William, hakupitwa na mdogo wake Louis alipozaliwa 2018, na kwa ajili hiyo Prince Michael amerudishwa kwenye orodha. Ulikuwa mkutano mzuri. Lakini la tatu hawakuligusa. Mkatoliki anaweza leo kuwa mke wa mfalme au mume wa malkia. Kuwa mfalme hawezi. Alex Salmond, aliyekuwa akiongoza serikali ya Scotland wakati huo, alisikitika waziwazi. Bunge la Scotland lilikuwa limekwisha kupitisha azimio la kupinga ubaguzi huo mwaka 1999, bila upinzani.

Na wananchi wa kawaida wanasemaje? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Septemba 2022 watu wapatao robo milioni walipanga foleni kando ya mto Thames kulipita jeneza la Malkia Elizabeth, wengine kwa saa 24. Mtu asiwadanganye kwamba Waingereza hawana mapenzi na ufalme wao. Lakini mapenzi hayo yanapungua. Utafiti wa maoni ya jamii ulioanza hapa mwaka 1983 uliwakuta takriban wawili kati ya kila watatu wakisema ni muhimu sana nchi hii kuwa na ufalme. Miaka 40 baadaye, wanaosema hivyo hawafiki theluthi moja, na kwa vijana hali ni dhaifu zaidi. Siku ya kutawazwa, watu walialikwa waape utii kwa sauti wakiwa sebuleni kwao. Kelele zilizozuka zilikuwa nyingi hadi Askofu Mkuu wa Canterbury akalainisha maneno, ikawa ni hiari ya mtu. Asubuhi hiyohiyo kiongozi wa kundi la Republic, linalotaka nchi iwe jamhuri, alikamatwa karibu na Trafalgar Square pamoja na mabango yake, na baadaye polisi wakaeleza kujutia.

Kuhusu dini ya mfalme, nimewauliza majirani na wafanyakazi wenzangu, na jibu ninalolipata karibu daima ni mshangao. "Hiyo bado ipo?" Ukiwaeleza, wanakubali kwamba si haki. Kisha wanainua mabega. Wanaoupenda ufalme hawataki uguswe wakati huu. Wasioupenda wanasema hakuna maana ya kurekebisha dini ya mfalme kama lengo ni kumwondoa mfalme mwenyewe. Na Wakatoliki wenyewe hawapigi kelele. Mwaka 2011 Askofu Mkuu wa Westminster, Vincent Nichols, aliyafurahia mabadiliko ya ndoa, akasema pia kwamba anatambua umuhimu wa Kanisa la Uingereza kuwa na nafasi yake rasmi. Naheshimu busara yake: anaona heri nchi yenye Kanisa moja rasmi kuliko nchi isiyojali dini kabisa. Lakini matokeo ni kwamba ubaguzi huu hauna mtetezi hata mmoja anayesimama kifua mbele, na bado unaishi. Unaishi kwa sababu kila mtu anauona ni wa mwingine.

Wapo watakaouliza: unamhusu mtu mmoja tu katika watu milioni 60 na kitu, kuna hasara gani? Jibu langu lipo Kampala.

Mwaka 1892, tarehe 24 Januari, Wabaganda Waprotestanti na Wabaganda Wakatoliki walipigana Mengo, kilima cha Kabaka, mfalme wa Buganda. Waliitana Bangereza na Bafransa, kwa mataifa ya wamisionari wao, ugomvi wa ng'ambo umehamia Ziwa Nyanza. Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki ya Maxim. Wakatoliki wakasukumwa Buddu, upande wa Masaka, na Kabaka Mwanga akakimbilia Bukoba iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Ndugu zetu Wahaya mliomo humu mmesimuliwa na wazee. Mwanga alipopinduliwa, mwaka 1897, aliyewekwa kitini ni mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, akalelewa Kiprotestanti. Mkataba wa 1900 ukawa na mawaziri watatu: Katikiro, yaani waziri mkuu, Apolo Kagwa, Mprotestanti, mweka hazina Zakaria Kisingiri, Mprotestanti, na wa sheria, Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki. Mwana wa mfalme Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu, akapata posho na heshima bila cheo cha kutawala. Tangu hapo Makabaka watatu mfululizo, Daudi Chwa, Mutesa wa Pili na Mutebi wa Pili, wamekuwa Waanglikana.

Na mambo hayakuishia kwenye kiti. Mwaka 1955 Matayo Mugwanya, Mkatoliki, aliwania ukatikiro, akashindwa kwa kura chache, nafasi ikaenda kwa Mprotestanti mwingine. Baadaye akawa mmoja wa viongozi wa mwanzo wa Democratic Party, DP, chama ambacho wapinzani wake walizisoma herufi zake kuwa Dini ya Papa. Uganda ilielekea uhuru vyama vyake vikiwa vimegawanyika kwa ubatizo, na mnajua nchi ile imepita wapi. Sisemi yote yalitokana na sheria ya 1701. Nasema wale waliokwenda kupanga Buganda walitoka katika nchi iliyowafundisha kwamba kiti cha enzi kina dhehebu, na wakapanga walichokijua. Leo Katikiro wa Buganda, Charles Peter Mayiga, ni Mkatoliki anayemtumikia Kabaka Mwanglikana, na ardhi haijapasuka.

Turudi hapa. Sensa ya 2021 ya Uingereza na Wales iliwakuta Wakristo wa madhehebu yote ni asilimia 46.2, mara ya kwanza kuwa chini ya nusu. Wasio na dini asilimia 37.2, Waislamu asilimia 6.5. Mfalme anaijua nchi yake. Siku ya kutawazwa, Lord Kamall, Muislamu, alikabidhi bangili za kifalme. Lord Patel, Mhindu, pete. Baroness Merron, Myahudi, joho. Lord Singh, Kalasinga, glavu. Rishi Sunak, waziri mkuu Mhindu, alisoma Waraka kwa Wakolosai. Kadinali Nichols alikuwa miongoni mwa waliombariki. Niliyatazama kwa moyo mkunjufu. Lakini ukarimu wa mwenye nyumba haufuti kilichoandikwa kwenye hati ya nyumba.

Nasikia pia wakisema nchi nyingine zinafanya hivyohivyo. Ni kweli katiba za Denmark na Norway zinamtaka mfalme awe Mlutheri, na ya Jordan inamtaka awe Muislamu wa wazazi Waislamu. Ila zile zinataja dini ya mfalme. Uingereza imefanya zaidi ya kutaja anachotakiwa kuwa: imechagua imani moja, imani ya mamilioni ya raia wake, ikaiandika kwa jina kuwa hatari. Hispania, nchi iliyowahi kuwachoma watu kwa ajili ya dini, ina katiba ya 1978 isiyomuuliza mfalme anasali wapi.

Ugumu halisi uko kwenye Kanisa langu, na afadhali Mwanglikana aseme. Mfalme ndiye mkuu wa Kanisa la Uingereza. Mkatoliki hawezi kuliongoza, wala Muislamu, wala asiyeamini. Kwa hiyo serikali zote zinapofika hapo zinasimama, maana kulifungua fundo hili ni kugusa uhusiano wa Kanisa na dola. Mimi nasema uguswe. Kule Scotland mfalme si mkuu wa Kanisa. Anapokwenda kusali Crathie, karibu na Balmoral, anakaa kama muumini yeyote, na Kanisa la Scotland halijafa. Kanisa la Ireland lilitenganishwa na dola mwaka 1871, la Wales mwaka 1920, na Waanglikana wapo kote kuwili wanabatiza na kuzika. Kwetu Tanzania Kanisa Anglikana ni jimbo linalojitegemea tangu 1970. Halijawahi kumhitaji mfalme ili lihubiri Injili, na Jumapili ya kawaida Muheza au Dodoma limejaa kuliko makanisa mengi ya hapa yenye muhuri wa taji.

Sasa lile la kiapo. Waliochukua uraia hapa tangu 2004 wameketi kwenye ukumbi wa halmashauri, bendera pembeni, picha ya mtawala ukutani, watoto wamevalishwa nguo za sikukuu. Afisa anasoma, nasi tunarudia: tutakuwa waaminifu na watiifu wa kweli kwa Mtukufu Mfalme Charles wa Tatu, warithi wake na watakaomfuata, kwa mujibu wa sheria. Sheria inayotajwa pale, juu ya nani ni mrithi, ni pamoja na hii ya 1701. Dada yetu kutoka Kilema aliyebatizwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, na kaka kutoka Goma aliyesoma kwa Wasalesiani, wote wameinua mkono na kuapa kulinda urithi ambao imani yao imetajwa kama sumu. Hakuna aliyewaambia. Hawakufanya kosa, waliapa kwa moyo safi, na nchi iliyowapokea kwa kiapo hicho inawajibika kukitakasa.

Twende kwenye la kufanya. Sheria hii inabadilika Bungeni, kwa ridhaa ya nchi nyingine 14 zenye mfalme huyu, kama ilivyofanyika baada ya Perth. Ilichukua miaka chini ya minne, kwa hiyo wasituambie haiwezekani. Kila mmoja wetu hapa ana mbunge, na kwa desturi mbunge anatakiwa kutushughulikia, uwe umempigia kura au hukumpigia. Mwandikie barua, kwa jina lako na anuani yako, si ujumbe wa kunakili. Muulize mambo mawili: je, anaunga mkono kuondolewa kwa maneno yanayowazuia Wakatoliki katika sheria za 1689 na 1701, na je, yuko tayari mfalme asiwe tena mkuu wa Kanisa la Uingereza ili kiti kiwe wazi kwa mrithi wa imani yoyote au asiye na imani. Waislamu, msiwaachie Wakatoliki barua hii. Walutheri na Waanglikana wenzangu, sisi ndio tuandike kwanza, kwa sababu barua yetu haiwezi kutupwa kwa kisingizio kwamba tunajitetea wenyewe.

Nimechapa nakala za maneno ya sheria hizo mbili, zipo kwenye meza ya mlangoni karibu na chai. Chukueni mzisome wenyewe kabla ya kuandika. Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mwenye swali au anayenipinga, kipaza sauti ni chake.